Kazi Twaijua, Cheti Kiko Wapi?



Kila siku alfajiri, kabla taa za barabarani hazijazimwa, watu hutoka Korogocho, Ngomongo, Lucky Summer na Kariadudu, wakashika njia kwa miguu kuja Barabara ya Baba Dogo. Husimama mbele ya mageti ya viwanda. Geti likifunguliwa kidogo, hutoka mtu mmoja akaonyesha kwa kidole: wewe, na wewe, na wewe pale nyuma. Waliobaki huenda geti la pili, na la tatu, kisha hurudi nyumbani. Mambo haya ninyi nyote mwayajua, maana wengi wetu tuliingia kazini kwa kidole hicho.

Lakini leo hatuandiki habari za aliyebaki nje. Twaandika habari za yule aliyeingia ndani, akakaa, akajifunza kazi mpaka akaijua kuliko aliyemfundisha, na hata sasa jina lake katika daftari la mishahara liko pale pale lilipoandikwa siku ya kwanza. Habari hizo ndizo habari za ujuzi, na ujuzi ndiyo mali pekee ambayo mfanya kazi huja nayo mbele ya tajiri.

HABARI ZA NDUGU MMOJA

Tunaye ndugu yetu, mwanachama, ambaye hatutamtaja jina wala kiwanda chake. Aliingia akiwa kibarua wa kufagia na kubeba magunia ya plastiki. Mwaka wa pili fomeni alimweka karibu na mashine ya kupiga ndoo, amsaidie mwendeshaji. Mwendeshaji alipoacha kazi, mashine ikawa mikononi mwake. Ameiendesha kwa miaka 11. Akisikia sauti tu ajua kama joto limezidi. Ajua kubadili kalibu, ajua kutoa plastiki iliyoganda bila kukwaruza chuma. Usiku mashine ikikataa kwenda, yeye ndiye hupigiwa simu.

Ikaja mashine mpya, ya kuongozwa kwa kompyuta. Wenye kiwanda wakatafuta wa kuiendesha, wakataka cheti. Ndugu yetu hana cheti. Akaletwa kijana mwenye diploma, kijana mwenye adabu, wala hatuna ugomvi naye. Ndugu yetu akaambiwa amwonyeshe kazi kwa muda wa miezi mitatu: plastiki ipi yataka joto gani, ndoo ya namna gani yataka kupoa muda gani, na kwa nini nyingine hutoka zimepinda. Akamwonyesha yote, hakuficha. Miezi mitatu ilipokwisha kijana aliandikwa fundi, na mwalimu wake akarudishwa kwenye magunia.

Wajumbe wa chama walikwenda ofisini kulalamika. Meneja hakufoka. Aliuliza neno moja tu: "Nionyesheni karatasi inayosema huyu ni fundi." Wajumbe wakatazamana. Katika daftari la mishahara ndugu yetu alikuwa kibarua wa kawaida tangu mwanzo mpaka mwisho. Hakushushwa cheo, maana kwa karatasi hakuwahi kuwa nacho.

Ndugu, aibu ya siku ile haikuwa ya meneja peke yake. Ilikuwa yetu pia. Miaka 11 chama kilikuwapo, nacho hakikuuliza mtu huyu afanya kazi gani na aitwa nani. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ujuzi wake ulikuwa mali, nao ulipotea hivyo hivyo mbele ya macho yetu.

JAMBO HILI SI GENI

Wako wanaodhani kwamba shida hii imeletwa na kompyuta. Sivyo. Mwaka 1924 serikali ya kikoloni ilifungua kituo cha kuwafundisha Waafrika ufundi huko Kabete, ambacho kiliendelea na kukua mpaka leo ni polytechnic ya taifa. Walitoka huko maseremala, waashi na wahunzi hodari. Hata hivyo nyakati zile fundi Mwafrika hakulipwa kwa kadiri ya mikono yake bali kwa rangi yake. Na wale wengi ambao hawakufika Kabete walihesabiwa kuwa watu wa kuja na kwenda, leo wako mjini, kesho wamerudi shamba. Mshahara wao ulipimwa kwa mahitaji ya mtu asiye na mke wala mtoto.

Mwaka 1954 Kamati ya Mishahara ya Waafrika, iliyoongozwa na Bwana Carpenter, ilitoa taarifa yake. Iliona kwamba mshahara wa namna hiyo haumtulizi mtu kazini, na mtu asiyetulia hawezi kuwa hodari wa kazi. Ikashauri kwamba mshahara upimwe kwa mtu mwenye jamaa, anayekaa mjini na kuishi kwa kazi yake.

Tazameni sasa kibarua wa geti la Baba Dogo. Je, si yule yule wa kabla ya taarifa ile? Hafundishwi, maana yasemwa kwamba kesho huenda asiwepo. Na kesho haandikwi, maana yasemwa kwamba hakufundishwa. Mtu azunguka hivyo kama ng'ombe wa kinu, miaka inakwenda.

Baada ya Uhuru twajua pia yaliyotokea. Mwaka 1964 serikali, waajiri na vyama vya wafanya kazi walifanya mapatano ya pande tatu. Waajiri waliahidi kuongeza watu kazini, 10 kwa kila 100 katika kampuni na 15 kwa kila 100 serikalini, na vyama viliahidi kutodai nyongeza wala kugoma kwa mwaka mmoja. Watu zaidi ya 200,000 walijiandikisha kutaka kazi, na waliopata walikuwa sehemu ndogo tu. Hapo ilionekana kwamba kazi haiji kwa amri peke yake. Lazima kuwe na jambo ambalo mtu ajua kulifanya, na lazima kuwe na mtu atakaye jambo hilo.

Ndipo mwaka 1966 Baraza la Makanisa likauliza kwa sauti, watoto wamalizao shule ya msingi waende wapi? Kutokana na swali hilo vikazaliwa vyuo vya ufundi vya vijijini, ambavyo Katiba ya mwaka 2010 iliviweka chini ya serikali za kaunti. Ni jambo jema. Lakini vyuo hivyo vilikusudiwa vijana watokao shule. Mtu mzima aliye tayari kiwandani, mwenye watoto na kodi ya nyumba, hakuachiwa nafasi ya kukaa darasani miaka miwili. Huyo ndiye tunayemtetea leo.

SHERIA YASEMAJE?

Wengi hawajui kwamba sheria iko, na kwamba fedha ziko. Sheria ya Mafunzo ya Viwandani ni ya tangu mwaka 1959. Mwaka 2011 ilibadilishwa ikaunda Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwandani, ile tuiitayo NITA. Katika baraza lake huketi serikali, waajiri na wafanya kazi, kwa hiyo si nyumba ya wageni kwetu.

Kwa sheria hiyo mwajiri hutozwa shilingi 50 kwa kila mfanya kazi kila mwezi, yaani shilingi 600 kwa mwaka, ziwe za mafunzo. Fedha hizo ni za mwajiri kutoa, si za kukatwa katika mshahara wako. Kiwanda chenye watu 200 kitatoa shilingi 120,000 kwa mwaka. Na mwajiri aliyetoa, akipeleka watu wake katika mafunzo yaliyokubaliwa na NITA, aweza kuomba arudishiwe gharama. Asiyepeleka mtu ameacha fedha zake huko zikawafundishe watu wa mwingine.

Twauliza basi: kiwandani kwako ni nani amepelekwa? Lini? Na katika ile hesabu ya watu wanaolipiwa, vibarua wa getini wamo au hawamo? Shopu stuadi ambaye hajauliza maswali haya matatu hajafanya kazi yake.

Tena, Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kwamba kibarua akifanya kazi siku mfululizo zikatimia mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo haitazamiwi kwisha kabla ya miezi mitatu, huyo si kibarua wa kutwa tena. Ahesabiwe kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Na kifungu cha 51 chasema kwamba mtu akiacha au akiachishwa kazi, mwajiri ampe hati ya utumishi yenye tarehe aliyoanza, kazi aliyokuwa akifanya na tarehe aliyoacha, isipokuwa yule aliyefanya kazi chini ya wiki nne mfululizo. Ni wangapi kati yetu wametoka kiwanda kimoja kwenda kingine bila hati hiyo, kwa kuwa hawakuiomba?

MAJIBU KWA WENYE VIWANDA

Wenye viwanda husema, "Nikimfundisha mtu, ataniacha aende kwa jirani." Neno hili lina ukweli ndani yake, wala hatulikatai. Lakini ile ada ya shilingi 50 iliwekwa kwa sababu hiyo hiyo: jirani naye atoe, ili asivune asipopanda. Na tena twawauliza wenye viwanda, yule mliyemnyima mafunzo, akibaki kwenu na mashine ya mamilioni ikamharibikia mikononi, hapo mmepata faida gani?

Huko Ujerumani kijana anayejifunza kazi hugawa juma lake, siku nyingine yuko kiwandani na siku nyingine yuko shuleni, naye hulipwa. Sheria yao ya mwaka 1969 iliviweka vyama vya wafanya kazi katika kamati zinazosimamia mafunzo na mitihani, pamoja na waajiri. Waajiri wa kule nao waogopa kuachwa na watu wao. Lakini kwa kuwa wengi hufundisha, akiondoka mmoja aliyefundishwa huja mwingine aliyefundishwa.

MAJIBU KWA WENZETU

Na sisi tujiambie ukweli. Wako wanachama wasemao, "Cheti hakiliwi." Wasema wamemwona mtu aliyefanya mtihani wa serikali, akapata gredi tatu, akarudi kiwandani, mshahara ukabaki ule ule. Ndugu hao hawasemi uongo. Cheti peke yake ni picha ya kutundika ukutani. Lakini amri za serikali za mishahara haziwaweki wafanya kazi wote mahali pamoja. Mwaka 2024 mshahara wa chini wa kibarua wa kawaida katika Nairobi uliwekwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, na juu yake wametajwa mhudumu wa mashine, mwendesha mashine, na mafundi kwa madaraja yao, tatu, mbili na moja, kila mmoja na kiwango chake. Ngazi iko. Lililobaki ni chama kuhakikisha kwamba mkataba wa pamoja waandika wazi: mwenye gredi hii, anayefanya kazi hii, ataandikwa hivi. Cheti na mkataba ni kama sindano na uzi. Ukiwa na kimoja tu hushoni nguo.

Jambo la pili ni zito zaidi. Tangu habari za ndugu yetu zienee, mafundi wengine wameanza kuficha kazi. Wakati wa kurekebisha mashine humwambia msaidizi, "Nenda kalete spana," naye akirudi kazi imekwisha. Wanafunzi wa vyuo wakija kwa miezi mitatu kujifunza, hupewa ufagio mpaka siku zao ziishe. Twafahamu hofu hiyo inatoka wapi. Mtu aliyeona mwenzake akitoa ujuzi wake wote, kisha akarudishwa kwenye magunia, atafungua kinywa kwa nini?

Lakini fikirini. Ndugu yetu hakupoteza kazi kwa sababu alifundisha. Alipoteza kwa sababu hakuandikwa. Angaliificha, mashine mpya ingalikuja na mtu wake vile vile. Na wale watoto wanaopewa ufagio ni watoto wa nani? Ni wetu, wa Korogocho na Lucky Summer, tuliowalipia karo kwa pesa hizi hizi za kiwandani. Dawa si kuficha. Dawa ni kudai kwamba kufundisha ni kazi, na kazi hulipwa. Fundi anayekabidhiwa mwanafunzi apewe posho ya ualimu, tena kwa maandishi, na jina lake liandikwe kuwa ndiye aliyefundisha. Hapo hakuna atakayeficha kitu.

Jambo la tatu ni la akina mama. Katika idara za kufunga mizigo wako akina mama ambao kwa miaka mingi wameendesha mashine za kubana mifuko na za kuchapa majina, na daftari bado lawaita wapakiaji. Yakitangazwa masomo, hutangazwa ya jioni, saa ambayo mama yuaenda kumchukua mtoto na kuwasha jiko. Kisha husemwa kwamba wanawake hawapendi kujifunza. Masomo yawe ndani ya saa za kazi, ndipo tutaona nani apenda na nani hapendi.

CHAMA KITADAI NINI?

Halmashauri ya tawi imekubaliana kwamba katika mazungumzo ya mkataba yajayo tutaweka mezani mambo haya:

1. Kila mfanya kazi aandikwe kwa kazi aifanyayo kweli, si kwa kazi aliyoingia nayo.

2. Kila aliyeendesha mashine au kufanya kazi ya ufundi kwa miaka miwili apewe ruhusa yenye mshahara kwenda kufanya mtihani wa ufundi wa serikali, na ada ilipwe na kiwanda.

3. Anayefaulu apandishwe daraja tangu mwezi unaofuata, bila kungoja nafasi ya mtu kufa au kuacha kazi.

4. Mashine mpya ikiletwa, wa kwanza kufundishwa wawe wale walioendesha ya zamani. Mtu wa nje aletwe kama hao wameshindwa, si kabla ya kujaribiwa.

5. Fundi anayefundisha alipwe posho ya ualimu.

6. Kila mwaka mwajiri aonyeshe wajumbe wa chama hesabu ya ada aliyotoa kwa mafunzo, na majina ya waliofundishwa.

Hatusemi kwamba yote yatapatikana siku moja. Lakini likikosekana la kwanza, mengine yote hayana mguu wa kusimamia. Kwa hiyo la kwanza hatutaliuza, hata kwa nyongeza ya shilingi.

NA WEWE UTAFANYA NINI?

Chama hakiwezi kukufanyia mtihani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nunua daftari la shilingi chache. Andika ndani yake tarehe uliyoanza, mashine uliyopewa, jina la fomeni aliyekupa, na kila kazi mpya uliyojifunza. Weka stakabadhi zote za mshahara, hata zile za M-Pesa. Ukihama kiwanda, usitoke getini bila hati yako ya utumishi. Ukinyimwa, njoo ofisini siku hiyo hiyo, usingoje mwaka upite.

Msiogope neno mtihani. Mtihani wa ufundi wa serikali hautaki kwamba uwe umekaa chuoni. Una sehemu ya maandishi na sehemu ya mikono, na aliyeshika chuma miaka kumi ana nusu ya safari nyuma yake. Tena mwaka 2024 serikali ilitoa mpango wa kuutambua ujuzi ambao mtu aliupata kazini au katika jua kali bila kupita darasani, akapimwa na kupewa cheti chake. Mpango ukiwa juu ya karatasi haumsaidii mtu. Wataufanya uende wale watakaokwenda kuudai, nasi twataka watu wa Baba Dogo wawe miongoni mwao.

Wale wasiosoma vizuri wasione haya. Tawi linakusanya majina ya wanaotaka kusaidiwa kusoma na kuandika maneno ya kazi yao, na mafundi wenye vyeti wameombwa wajitolee kuwafundisha Jumamosi mchana, baada ya shifti ya asubuhi. Wapeni shopu stuadi wenu majina yenu. Vijana wenye diploma nao waje. Yule kijana wa mashine mpya amekwisha kuandika jina lake, na aliyesema naye ni ndugu yetu wa magunia mwenyewe, ambaye sasa ajitayarisha kwa mtihani. Asema kijana yule alimwambia, "Mzee, hesabu za kompyuta nitakuonyesha mimi. Plastiki ulinionyesha wewe." Hivyo ndivyo wafanya kazi wanavyopasa kuishi.

Ndugu, kidole cha getini kilituchagua mmoja mmoja, na mmoja mmoja twaweza kurudishwa nje. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Ujuzi wa Baba Dogo uko katika mikono yetu sote. Tuuandike, tuupime, tuulipishe.

Umoja ni Nguvu.

Mhariri